Usibebe babu wa watu: jinsi ya kuhakikisha jina uliloliona kwenye faili ni la mzee wenu kweli

Watu wengi wakianza kutafuta wazee wa ukoo kwenye makaratasi ya zamani wanaogopa kukosa jina. Mimi naogopa zaidi wanapolipata haraka. Mtu anaingia kwenye faili anatafuta Juma bin Hamisi, analiona, anapiga picha, anatupia kwenye grupu la familia, shangazi aliyeko Muscat analia kwa furaha, kesho yake kuna mpwa keshachora mti mzima kwenye kompyuta, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hao kina Juma bin Hamisi walikuwa wangapi. Na kosa haliishii kwa Juma, maana ukishabeba babu wa watu umebeba na mke wake, na baba yake, na shamba lake, na kabila lake, halafu wajukuu watayakuta yamepangwa vizuri wataamini.

Kwa hiyo haya maelezo ni ya yule ambaye jina tayari analo, au anakaribia kulipata, anataka uhakika. Nitaongelea zaidi Tanzania na Kenya, ila wa Kongo, Burundi na Oman mtajikuta humu humu sababu wazee wenyewe walikuwa wanatembea.

Majina yetu yanajirudia kwa makusudi

Hilo liweke kichwani kwanza. Pwani mtoto anapewa jina la babu, kwa hiyo Ali Hamisi anamzaa Hamisi Ali, naye anamzaa Ali Hamisi, na karani anaandika majina mawili tu basi. Ukikuta Ali Hamisi kwenye karatasi isiyo na mwaka huwezi kujua huyo ni babu au mjukuu. Kwa Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza anachukua jina la baba wa baba yake, wa pili la baba wa mama yake, ina maana ndugu wanne waliozaliwa na mzee Kamau kila mmoja ana mtoto anaitwa Kamau, wote rika moja, wote wanakaa karibu karibu, sasa misheni ikawabatiza ikaandika Petro Kamau bila jina la baba, hapo utachagua yupi? Wajaluo ndo kabisa, Otieno ni aliyezaliwa usiku, Odhiambo jioni, Okoth wakati wa mvua, na mvua inanyesha kwa kila mtu. Kwa Wasukuma Kulwa na Doto ni mapacha, Shija anafuata baada yao, hivyo ukiambiwa babu alikuwa Doto umeambiwa alizaliwa wa pili kati ya mapacha, bado hujaambiwa ni nani.

Kuna lingine linaloangusha watu wengi. Mtoto akifa, anayefuata anaweza kupewa jina lile lile. Unakuta ubatizo wa Yohana 1921 wazazi ni wale wale wa kwenu, unashangilia, kumbe yule Yohana alizikwa bado mchanga na babu yako ni Yohana wa pili. Ukipata kuzaliwa au ubatizo, tafuta na maziko ya utotoni kwa jina hilo hilo kwenye ile miaka mitano inayofuata, kabla hujasherehekea.

Na ndugu zetu tunavyoitana! Bibi akikwambia "baba yangu alikwenda Burma", muulize kwa adabu, baba aliyekuzaa, au baba mkubwa, au baba mdogo? Kwake wote ni baba na hajakudanganya. Hivyo hivyo "babu" anaweza kuwa kaka wa babu, na mtoto wa mjane aliyerithiwa anaweza kuitwa kwa jina la marehemu japo marehemu alikufa miaka mitatu kabla hajazaliwa. Uliza kila mzee alikuwa na wake wangapi na kila mtoto ni wa nyumba gani, la sivyo utachanganya ndugu wa baba mmoja ambao wote wawili ni Salumu.

Kwa waliotokana na watu waliotolewa utumwani tahadhari iwe mara mbili, na hili si la kuonea aibu, ni historia. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar 1897, pwani ya Kenya 1907, na kabla na baada ya hapo watu walipewa majina mapya, Mabruki, Feruzi, Baraka, Majaliwa, na aliyesilimu baba yake hajulikani mara nyingi aliandikwa bin Abdulla. Sio kila bin Abdulla ni hivyo, ila ukikuta Feruzi bin Abdulla watatu kwenye orodha moja usidhani ni ndugu wa baba mmoja. Hata wasafiri wa karne ya 19 walichanganyikiwa, Stanley alikuwa na Mabruki wengi kwenye msafara mpaka mmoja akawa anaitwa Mabruki Speke, kwa jina la bwana aliyemtumikia zamani, ili wasimchanganye. Na kuna Manwa Sera, nahodha wa msafara wa Stanley wa 1874 hadi 1877, halafu kuna Mnywa Sere mtemi wa Unyanyembe aliyeuawa 1865, na wazungu jina la huyu wa pili nalo waliliandika Manua Sera. Mmoja mkuu wa wapagazi, mmoja mtemi. Ukisoma kitabu cha zamani haraka haraka utajikuta una ukoo wa kifalme Tabora ambao hauna haki nao.

Kabla hujaomba faili lolote

Kaa na wazee kwanza. Na usiulize jina la babu tu, uliza waliomzunguka: mama yake nani, dada zake, wake zake, ukoo au mbari, kijiji na mtaa ndani ya kijiji, jumbe au chifu wa wakati wake, msikiti gani au parokia gani, kazi, na rafiki yake wa karibu aliyekuwa naye kila mahali. Rafiki watu wanamsahau, na yeye ndo mara nyingi anatokea kama shahidi kwenye ndoa au jina linalofuata kwenye orodha ya kodi. Jina la babu linaweza kuwa la watu hamsini, ila Juma bin Hamisi mwenye mama Mwanaidi, mke Zuhura, jirani Makame, kwenye mtaa mmoja, hapo wanabaki mmoja au wawili.

Andika kwenye daftari kwa safu mbili. Upande mmoja yale aliyosema aliyaona kwa macho yake, upande wa pili yale aliyoyasikia. Usiyachanganye hata kama yote yanapendeza. Na usimwambie mzee jibu kabla hajajibu, ukisema "babu alikuwa askari wa KAR eti?" (lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) atasema ndiyo, kwa heshima tu.

Mfano, tuupitie polepole

Tuseme bibi yenu kawaambia hivi: babu Juma bin Hamisi, mtu wa Pangani, alikwenda vita vya Mjerumani, akarudi, akaoa Tanga, mtoto wake mkubwa ni shangazi aliyezaliwa 1923.

Unatafuta unapata karatasi mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya askari, Juma Hamisi, mkoa Tanga, kabila limeandikwa Swahili, kaandikishwa 1940, umri 22. Ya pili ni ya ndoa kwa kadhi wa Tanga, 1921, Juma bin Hamisi na Zuhura binti fulani, walii, yaani anayemwozesha, ni kaka wa bibi harusi, mashahidi wawili.

Wengi wanachukua zote mbili, sababu zote zinamsifu mzee. Sasa hesabu. Aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1940 kazaliwa kama 1918. Mwaka 1921 alikuwa na miaka mitatu. Hata ukimpa karani nafasi ya kukosea miaka kumi, bado bwana harusi anakuwa na miaka 13. Kwa hiyo hizi karatasi mbili haziwezi kuwa za mtu mmoja, moja lazima uiache, na labda zote.

Halafu rudi kwa bibi kwenye lile neno "vita vya Mjerumani". Vita vyote viwili vilikuwa na Mjerumani! Muulize mzee aliwahi kutaja nini. Akisema Burma, Habeshi, Wajapani, hiyo ni ya 1939 mpaka 1945. Akisema kubeba mizigo, von Lettow (kamanda wa Wajerumani), watu kufa njiani kwa kuhara, hiyo ni 1914 mpaka 1918. Kama ni ya kwanza, ya ndoa inakaa sawa na shangazi wa 1923, na yule askari wa 1940 ni Juma wa watu, mrudishie heshima yake mwache apumzike. Bado hujamaliza lakini. Jina la mke Zuhura liko kwenye daftari lako kutoka kwa bibi kabla hujaona karatasi? Walii ni mtu mnayemjua upande wa bibi? Kati ya mashahidi yupo yule rafiki? Mambo mawili yakikubali bila kulazimisha, mchukue. Likikubali moja tu, mweke pembeni kwa penseli.

Na kabla ya kumchukua fanya kitu ambacho karibu kila mtu anakiruka: tafuta Juma bin Hamisi mwingine. Pitia rejista yote ya Tanga miaka kumi huku na kumi huku, hesabu kina Juma bin Hamisi wote, waandike wote kila mmoja na mke wake. Wakiwa wanne, fuata kila mmoja mpaka uone kakwama wapi, huyu alikufa 1919, huyu wa Lushoto, huyu mke wake Asha na wana watoto sita wanaojulikana. Anayebaki baada ya kuwatoa wengine ana nguvu kuliko uliyemkuta wa kwanza.

Tahajia

Karani aliandika alichosikia kwa masikio ya lugha yake. Mjerumani kwenye makaratasi yake Zanzibar ni Sansibar, Bagamoyo ni Bagamojo, Mwanza ni Muansa, Moshi ni Moschi, Ujiji ni Udjidji. Ukishaona miji inavyoandikwa basi na watu ndo hivyo hivyo, Yusufu atakuwa Jusufu, Shabani atakuwa Schabani, Juma atakuwa Djuma au Dschuma, Chande atakuwa Tschande, na Zuberi mtafute kwenye S. Kwa Wabelgiji, upande wa Kongo na Burundi, unakuta Djuma, Radjabu, Ramazani, Assani. Mwingereza naye Hamisi anamwandika Khamis leo, Hamis kesho, Hamees keshokutwa, na Saidi anamkata i. Mchanganye na R na L za sehemu nyingi, Marwa anakuwa Malwa, na usishangae.

Maandishi ya mkono ya Kijerumani ya wakati ule yana balaa lake, e inafanana na n, u inawekewa kijimkunjo juu. Ushauri wangu, tafuta mtandaoni jedwali la herufi hizo, wanaziita Kurrent, andika jina la mzee wako kwa mkono mara kadhaa mpaka jicho lilizoee, ndipo ufungue faili. Faili zenyewe za Wajerumani ziko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, Upanga, na UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, kwa hiyo usisikilize anayekwambia zilichomwa zote.

Kwa herufi za Kiarabu shida ni irabu. حمد unaweza kusoma Hamad, Hamed, Hemedi, ni herufi zile zile tatu. Ukimpa mtu akusomee, mwambie akuandikie herufi zilivyo kwanza, ndo akwambie yeye anasomaje, kwa sababu akiwa anajua unamtafuta Hemedi atakusomea Hemedi.

Sasa ubaya wa tahajia ni kwamba unaweza kuutumia kusamehe kila kitu. Djuma na Juma sawa. Lakini Juma na Jumaa na Jumanne na Jumbe, ukianza kusema wote ni mmoja "kaandikwa vibaya tu", huko ni kutafuta unachokitaka. Sheria yangu ni kwamba tahajia tofauti naikubali kama naona karani huyo huyo, kwenye ukurasa huo huo, anafanya hivyo na kwa wengine.

Miaka na umri

Umri kwenye karatasi za wakoloni ni makadirio. Utaona 20, 25, 30, 40, mara chache sana 27. Kijana aliyekimbia kodi alijipunguza, mzee aliyetaka asamehewe kodi alijiongeza, aliyetaka ajira alisema chochote. Mpe kila umri miaka kumi ya kucheza, ila ukishampa kumi usimpe ishirini.

Bora zaidi ni miaka ya matukio. Aliyezaliwa wakati wa Maji Maji ni 1905 mpaka 1907. Wagogo wana njaa ya Mtunya, hiyo ni miaka ya mwisho wa vita vya kwanza, 1917 mpaka 1920. Wakamba wana Ngomanisye ya 1898 na 1899. Mzee akisema "mama alinibeba mgongoni wakati wa Mtunya", hilo lina uzito kuliko umri wa kwenye kadi ya mpiga kura.

Rika nalo linasaidia sana, ila kwa Wakalenjin tahadhari, majina ya rika yanazunguka. Kwa Wanandi ni Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, halafu yanaanza upya baada ya miaka mia na zaidi. Mzee wa Maina anaweza kuwa wa mzunguko huu au wa uliopita, na kijana aliyeambiwa tu "babu wa babu alikuwa Maina" anaweza kumrusha mtu karne nzima. Uliza na rika la baba yake na la mtoto wake, hapo mzunguko utaonekana wenyewe.

Mwaka wa Hijria una siku kama 354, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya miladi. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882. Ukitaka kubadilisha tumia kikokotoo, kuna vingi mtandaoni bure, usijumlishe tu namba ile ile kwa kila mwaka. Na mtu aliyekufa akiwa na miaka 66 kwa Hijria ana 64 kwa miladi, tofauti hiyo ndogo imeshafanya watu waseme "huyu siye" wakati ndiye.

Kabila na mahali

Hapa mnisikilize vizuri kidogo. Kabila lililoandikwa kwenye karatasi mara nyingi ni la kazi au la njia. Mpagazi yeyote kutoka bara aliweza kuandikwa Mnyamwezi. Waliotoka mashariki ya Kongo wakakaa Ujiji, Tabora, Bujumbura au Dar waliitwa Wamanyema hata kama makwao walikuwa makabila tofauti tofauti. Zanzibar ukilinganisha sensa ya 1924 na ya 1931, walioandikwa Waswahili wamepungua vibaya mno, na hawakufa wala kuhama, walijiandika kwa jina lingine, Hadimu, Tumbatu, Shirazi. Kwa hiyo "huyu Mswahili na wetu Mshirazi, siye" si sababu ya kumkataa. Wala "huyu Mnyamwezi na wetu Mnyamwezi" si sababu ya kumkubali.

Mahali ndo pana nguvu, ila hakikisha ni mahali penyewe. Mbweni iko Zanzibar, ambako misheni ya Kianglikana ya UMCA iliweka waliotolewa utumwani, na Mbweni nyingine iko Dar. Kisauni iko Mombasa, ndo pale Frere Town, makazi ya waliotolewa utumwani ya CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, na Kisauni nyingine iko Zanzibar. Utengule zipo mbili kusini, ya Usafwa na ya Usangu. Kariakoo ya Dar na Kariakor ya Nairobi zote mbili zinatokana na kambi za wapagazi wa vita vya kwanza, kwa hiyo hata historia zinafanana, na nimeona mti wa ukoo wenye mtu anayekaa zote mbili mwaka mmoja.

Na majina ya miji yamebadilika. Wilhelmstal ni Lushoto, Neu Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, Fort Hall ni Murang'a, Albertville ni Kalemie, Stanleyville ni Kisangani. Mipaka pia ilihama, Kisumu na eneo lake lilikuwa Uganda mpaka 1902, hivyo mtu kuandikwa "Uganda" 1900 na "Kenya" baadaye hajatembea hata hatua. Rwanda na Burundi nazo zilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani mpaka vita vya kwanza.

Rejista ya kanisa, angalia pembeni

Kwa Wakatoliki kuna kitu kitamu sana na watu wanakipita. Tangu 1908, kwa amri ya Roma, ndoa ya mtu inatakiwa iandikwe pembeni ya ubatizo wake, yaani paroko aliyefungisha anatuma taarifa kwenye parokia alikobatizwa. Kwa hiyo ukikuta ubatizo wa Joannes (ni Kilatini, ndo Yohana) wa 1915, usiishie kwenye mstari wenyewe, sogeza jicho kwenye nafasi ya pembeni, utakuta kimeandikwa kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, kidogo kidogo, kwamba kaoa tarehe fulani, mahali fulani, na jina la mke. Jina la mke likiwa la bibi yenu, umemaliza kazi hapo hapo. Likiwa la mwanamke mwingine, na wenu hakuwahi kuoa kanisani mara nyingine, huyo siye, hata kama wazazi wanafanana majina. Pakiwa patupu haina maana hakuoa, kuna maparoko waliokuwa wavivu.

Ukienda parokiani omba kupiga picha ukurasa mzima na siyo mstari mmoja. Majirani wa kwenye ukurasa ni ushahidi. Ila baba wa ubatizo usimpe uzito mkubwa kwenye rejista za misheni za mwanzo, mara nyingi katekista mmoja alisimamia watu kadhaa siku hiyo hiyo, kwa hiyo kutokea kwake hakukwambii kitu kuhusu ukoo.

Askari, wapagazi, wenye vipande

Kenya kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, kilianza kutumika baada ya vita vya kwanza, kama 1919 na 1920, sheria yenyewe ya 1915, na kikaondolewa 1947. Kilikuwa na jina, alama za vidole, wilaya, kabila, waajiri na mshahara. Ukiwa nacho mkononi kutoka sandukuni kwa bibi, namba yake ni dhahabu, maana namba inamfuata mtu mmoja na jina halimfuati. Ila swali la kwanza ni kama kipande kilichoko sandukuni ni cha mzee kweli. Watu waliazimana, waliokimbia kazi walijiandikisha upya kwa jina lingine, na mzee mmoja aliweza kuhifadhi cha kaka yake. Linganisha waajiri walioandikwa na kazi ambazo familia inazikumbuka. Na wa Tanganyika mashamba ya mkonge ni hadithi hiyo hiyo, manamba walikwenda kwa namba na wengine kwa jina la aliyebadilisha mawazo dakika ya mwisho.

Kwa waliokufa vitani, CWGC ile tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola ina hifadhi ya majina mtandaoni, kutafuta ni bure. Mambo mawili tu. Mosi, tarehe ya kufa siyo kitambulisho. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, wakafa watu takriban 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, kwa hiyo kuna mamia ya majina yenye tarehe hiyo hiyo. Ukiwa na "alikufa majini Februari 1944" bado unahitaji namba ya jeshi, kikosi na wilaya. Pili, kukosa jina hakumaanishi hakufa vitani. Tume yenyewe kwenye ripoti yake ya 2021 ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa wapagazi ndo hivyo, sanamu za askari za Dar, Nairobi na Mombasa hazina orodha ya majina yao. Usimchukue mtu wa jina linalofanana kwa kuwa tu yeye kaandikwa na wenu hakuandikwa.

Mtandaoni

FamilySearch, tovuti ya kutafuta wazee wa ukoo, ni bure, unafungua akaunti tu, na ina mambo mengi hata masimulizi ya koo za Afrika yaliyorekodiwa kwa wazee. Ila ule mti wake ni wa watu wote, yeyote anaweza kugusa, na kuna kitufe cha kuunganisha watu wawili kuwa mmoja. Hicho kitufe kiogope. Kompyuta inakuletea "huyu anafanana na wako" kwa jina na mwaka, na kwa jina na mwaka ndo tumeshaona huko juu kina Juma wanavyofanana. Kukiwa na kisanduku cha kuandika sababu, andika sababu kamili, na kama sababu yako ni "majina yanafanana", basi usibonyeze.

DNA wengi mnaulizia. Itakwambia wewe na fulani mna damu moja na kwa ukaribu gani, hiyo inaweza kusaidia sana kama wajukuu wa Juma wa kwanza na wa Juma wa pili wote wamekubali kupima. Haitakwambia ni Juma yupi wa kwenye faili. Na ile asilimia ya makabila kwa watu wa kwetu bado ni ya kubahatisha, usiitumie kumkataa mtu. Ongea na familia kwanza kabla hujatuma mate, maana kuna majibu ambayo shangazi hakuyaomba.

Ukibaki na wawili

Itatokea. Umewatoa wote wamebaki wawili, na hakuna karatasi ya kuamua. Hapo wabakishe wote wawili, usichague yule mwenye shamba. Kwenye mti mwache babu bila wazazi, pembeni andika A ni huyu, kwa sababu hizi, B ni yule, kwa sababu hizi, na karatasi gani ikipatikana itaamua, mfano mirathi ya 1940 na kitu kwa kadhi, au ubatizo wa dada yake. Kwenye grupu la familia tumia neno "labda" na ulirudie kila mtu anapoliondoa, na watu watakuchoka, wavumilie. Ukiona kuna aliyeshaandika kitabu cha ukoo chenye mtu asiye wenu, mfuate faragha na picha za kurasa, usimwaibishe mbele ya watoto wake.

Na kila karatasi andika namba ya faili kamili, ukurasa, tarehe uliyoiona na ni ofisi gani, nyuma ya picha au kwenye jina la picha kwenye simu. Binamu yako akipata karatasi ya tatu atataka kurudi kuangalia hiyo yako mwenyewe, na "niliiona Dar" haitamfikisha popote.